Fuawe la babu: tuliuze kwa kilo au tulichunguze kwanza?

"Shikamoo fundi. Babu yangu alikuwa mhunzi. Tangu afariki vifaa vyake vimekaa bandani miaka mingi, na sasa lazima banda liachwe wazi. Kuna fuawe kubwa lenye pembe, lile pande la chuma ambalo mhunzi hufulia juu yake, watu wawili tunalinyanyua kwa taabu. Uso wake umebonyea kidogo katikati na ukingo mmoja umemeguka. Ubavuni kuna herufi zilizoliwa na kutu. Nimesoma TER WR, halafu kuna duara lenye neno SOLID, na namba 1 2 10. Jirani anasema huo ni mwaka 1210. Kuna pia jiliwa, kile kifaa cha kubana chuma, lenye mguu mrefu unaofika chini, makoleo kumi na moja, vichwa vya nyundo visivyo na mipini, na feni ya tanuri ya kuzungusha kwa mkono ambayo imegoma. Mnunuzi wa chuma chakavu ameshakuja na mizani yake. Rafiki yangu mwenye grainda anashauri tusawazishe uso wa fuawe ung'ae, ndipo bei ipande. Mimi mwenyewe nimeshatupa vichwa viwili vya nyundo motoni ili rangi ya zamani itoke. Je, vitu hivi vina thamani? Na nimeshaharibu kiasi gani?"

Marahaba, na pole kwa kuondokewa na babu. Nianze na lililo la haraka: mwambie mwenye mizani asubiri, na mwambie mwenye grainda aizime. Kwa maelezo uliyonipa, hujaharibu kitu kikubwa. Lakini saa moja tu ya kulisaga fuawe hilo inaweza kulitoa thamani ambayo kazi ya miaka yote ya babu yako haikuitoa.

Tuanze na namba, maana zinatuambia mengi. 1 2 10 si mwaka. Ni uzito, ulioandikwa kwa hesabu ya zamani ya Kiingereza. Namba ya kwanza inahesabu mafungu ya ratili 112. Ya pili inahesabu robo za fungu hilo, yaani ratili 28 kila moja. Ya tatu ni ratili zilizobaki. Kwa hiyo 112, jumlisha 56, jumlisha 10, unapata ratili 178, ambazo ni karibu kilo 81. Ukitaka kuhakikisha kwamba namba za namna hii ni za uzito, angalia ya pili: haiwezi kuzidi 3, kwa sababu robo nne zingekuwa fungu zima. Na ya tatu haizidi 27. Yako inapita mtihani huo. Kisha azima mizani na ulipime. Likija na kilo 80 au 79, ni sawa, limechakaa kidogo kwa matumizi. Likipungua kilo nyingi, ama umesoma namba vibaya, ama kuna mtu alishalisaga kabla yako, na hilo tutalikagua.

Herufi TER WR pamoja na duara lenye SOLID zinaelekea upande mmoja: Peter Wright, mtengenezaji wa Dudley, Uingereza. Mafuawe yake mengi yalipigwa chapa ya jina lake, neno PATENT, na duara lenye maneno SOLID WROUGHT, kumaanisha kwamba mwili ni wa chuma kilichofuliwa kwa moto na nyundo, si cha kumiminwa kwenye kalibu. Lakini usiniamini kwa herufi tano. Subiri giza liingie, mulika ubavu kwa tochi ukiilaza karibu kabisa na chuma, mwanga upite kwa ubavu. Maandishi yaliyojificha mchana yatajitokeza kwa vivuli vyake. Unaweza pia kupaka unga wa chaki na kupangusa juujuu ili ubaki ndani ya alama tu, au kuweka karatasi na kusugua kwa penseli. Usichimbue herufi kwa msumari, na usizipitishie brashi ya mashine. Ukiona neno ENGLAND, hiyo nayo ni dalili ya umri: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za kutoka nje zitajwe nchi zilikotoka, na ndiyo sababu neno hilo likaanza kuonekana kwenye vyuma vingi vya Kiingereza vya baada ya hapo. Lisipokuwepo, huenda fuawe ni la zamani zaidi, ingawa kutu nayo hufuta maneno.

Tazama na miguu na tumbo. Fuawe lililofuliwa huwa na vitundu vya mraba chini ya pembe, chini ya mkia, na mara nyingi katika kitako. Watu huviona wakadhani vina kazi ya uhunzi. Ni vishikio tu: kiwandani walichomeka humo mitaimbo ya kulibeba na kuligeuza likiwa jekundu. La kumiminwa mara nyingi lina mstari mwembamba unaopita katikati ya mwili, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na herufi zake kwa kawaida zimevimba juu badala ya kuzama. Juu ya uso utaona matundu mawili, moja la mraba na moja la mviringo. Lisipokuwepo la mviringo, na fuawe ni la Kiingereza, tunakuwa karibu na miaka ya 1830 au nyuma zaidi, na hapo ningekuomba uliache kama lilivyo hadi mtu wa makumbusho alione.

Nataka nikutoe kwenye kosa moja ambalo hata mafundi wanalo, kwamba fuawe la kumiminwa ni takataka. Si kweli. Kohlswa wa Sweden walimimina mafuawe ya feleji tupu, yaani chuma kinachoweza kutiwa ugumu, na ni mazuri sana. Fisher wa Marekani, anayejulikana kwa picha ya tai, alimimina mwili wa chuma cha kawaida juu ya bamba la feleji, na mafuawe yake yanasifiwa kwa ukimya wake. La kuogopa ni lile la kumiminwa kwa chuma cha kalibu tupu, lisilo na feleji juu. Hilo linafaa kuzuia mlango.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali lako, yaani uso. Fuawe la aina ya lako ni vitu viwili vilivyounganishwa. Mwili ni chuma laini, chenye nyuzinyuzi kama mti, kinachomeza kishindo bila kupasuka. Juu yake limefungwa bamba la feleji, unene wa sentimita moja au zaidi kidogo, lililoshikanishwa na mwili kwa moto na nyundo. Kisha uso ukapashwa hadi wekundu na kumwagiwa maji mengi kwa nguvu, ukawa mgumu kuliko chuma chochote kitakachofuliwa juu yake. Thamani yote ya kazi imo ndani ya bamba hilo. Ugumu wenyewe uko zaidi upande wa juu, ambako maji yaligusa, na hupungua kadiri unavyoshuka. Ndiyo maana namkatalia rafiki yako. Ili kuufuta mbonyeo wa milimita nne katikati, atalazimika kuondoa milimita nne za ncha zote mbili, na atakuwa ameondoa sehemu ngumu kuliko zote. Nimewahi kuletewa fuawe lililosawazishwa kwenye mashine hadi ukaweza kujitazama usoni mwake kama kwenye kioo. Nilipoangusha gololi juu yake, upande mmoja iliruka, upande wa pili ikakaa kama imeangukia mbao. Bamba lilikuwa limebaki ukucha tu. Mwenyewe alikuwa amelipa pesa nyingi kwa kazi hiyo, na sikuwa na dawa ya kumpa.

Mbonyeo wa katikati si ugonjwa. Ni alama ya mahali nyundo zilipotua kwa miaka, na mhunzi anautumia kunyoosha chuma, kwa sababu juu ya uso ulionyooka kama rula chuma kilichopinda kinakosa nafasi ya kurudi upande wa pili. Ukingo uliomeguka nao unatisha kuliko ulivyo. Mhunzi hahitaji ukingo mkali kila mahali. Akibakiwa na kipande cha sentimita kumi hivi kilicho kizuri, anafanya kazi. Kuchomelea ukingo kwa umeme bila kulipasha fuawe zima kwanza ni hatari: chuma baridi cha kilo themanini kinanyonya joto ghafla, na mahali palipochomelewa panapasuka chini kwa chini huku feleji ya pembeni ikilainika. Wapo wanaoijua kazi hiyo vizuri. Lakini hufanywa kwa fuawe lililokwisha kabisa kingo zake, na kwa mtu anayekusudia kulitumia. Kwa anayeuza, haifai.

Kabla ya kuzungumza bei, lipime afya. Tafuta gololi ya beringi, yenye upana wa sentimita mbili hivi. Simamisha rula juu ya uso, angusha gololi kutoka sentimita 30, na tazama inarudi hadi wapi. Ikirudi sentimita 21 au zaidi, uso uko hai. Ikirudi 25, furahi. Ikiishia chini ya 15 mahali pengi, uso ni laini, na mara nyingi sababu ni kwamba fuawe liliwahi kuungua jengo lilipowaka moto. Angusha kila sehemu, maana jibu la mahali pamoja halitoshi. Juu ya lile tundu la mraba itarudi kidogo, hiyo ni kawaida. Na kile kidaraja kidogo kati ya uso na pembe ni laini kwa makusudi, mhunzi anakatia chuma hapo ili tindo lake lisiharibike, kwa hiyo usikihukumu.

Kisha gonga kwa nyundo ndogo na usikilize. La kufuliwa linalia kama kengele, na mlio unakaa. Mlio wa kukwaruza, kama chungu chenye ufa, ni dalili kwamba bamba limeachana na mwili mahali fulani. Hakikisha tu halijakaa kwenye mchanga wala halijafungwa mnyororo, maana hivyo vinameza sauti. Na vaa miwani ya kukinga macho. Ukingo wa feleji ngumu ukigongwa moja kwa moja na uso wa nyundo unaweza kurusha kibanzi kwa kasi ya kutisha. Gonga katikati, taratibu.

Vile vichwa viwili vya nyundo ulivyovitia motoni. Kilichotokea ni hiki: feleji iliyotiwa ugumu huanza kulegea ikipashwa. Kwenye nyuzi joto 220 hivi inakuwa na rangi ya majani makavu, kwenye 300 inageuka bluu, na kila rangi inayopita ni ugumu uliopungua. Vikifikia wekundu, ugumu wote umekwenda. Lakini nyundo ni bahati. Kwa kawaida kichwa kizima ni feleji, kwa hiyo mhunzi anaweza kukipasha tena, akakizamisha, akakirudishia ugumu wake, na kazi hiyo si ya siku nzima. Umepoteza kidogo, na kinarudi. Kwa fuawe haiwezekani kirahisi hivyo, kwa hiyo moto usilisogelee. Naomba jambo jingine pia: usichome tena rangi ya zamani. Rangi nyingi za zamani zina risasi, na chuma chenye ngozi ya zinki kikichomwa kinatoa moshi unaoleta homa. Kama ulikuwa karibu na moshi huo na ukajisikia vibaya kifuani au ukapata homa usiku wake, usingoje, nenda hospitali ukawaambie ulichochoma.

Jiliwa lenye mguu ni hazina ambayo wengi wanaitupa. Mguu ule si pambo. Jiliwa la mezani likipigwa nyundo nzito, kishindo chote kinaishia kwenye taya na linavunjika. La mguu linapeleka kishindo ardhini, ndiyo maana limefuliwa na siyo kumiminwa. Lifungue na kulifunga huku ukitikisa mpini wake. Kinachokufa kwanza ni meno ya parafujo na ya bomba lake. Likikaza vizuri bila kuruka, ni zima. Springi inayosukuma taya ikiwa imepotea, usihuzunike, mhunzi yeyote anaitengeneza. Angalia pia linavyoshikwa na bamba la mezani. Likishikwa kwa kabari zilizopitishwa kwenye matundu, kwa kawaida ni la zamani kuliko lililofungwa kwa pete ya umbo la U na nati. Tafuta kila kipande kilichoanguka sakafuni, maana jiliwa lenye bamba lake, springi yake na mpini wake lina heshima tofauti na lile lililobaki mifupa.

Makoleo hayana bei kubwa moja moja, na nisingependa udanganyike. Nguvu yake ni seti. Kila mdomo una kazi yake: bapa la kushika bamba, lenye mfereji la kushika nondo, lenye mdomo wa sanduku la kuzuia chuma kisizunguke. Mengi ya hayo babu yako aliyafua mwenyewe kwa kipimo cha mkono wake. Kagua ribiti na uangalie nyufa kwenye shingo, basi. Ukiona vipande vifupi vyenye kitako cha mraba, jaribu kuvitumbukiza kwenye tundu la mraba la fuawe. Vikikaa sawasawa, vilitengenezwa kwa ajili ya fuawe hilo hilo na vitatumika vibaya kwenye jingine, kwa hiyo usivitenganishe nalo. Miongoni mwa vile "vichwa vya nyundo" vimo pia, nina hakika, ambavyo si nyundo: matindo ya mpini. Lenye makali membamba ni la kukata chuma cha moto, lenye makali mafupi na manene ni la chuma baridi. Yale yaliyochanua kichwani kama uyoga ni hatari kuyagonga hadi uyoga huo uondolewe.

Feni iliyogoma huenda imegandishwa na mafuta yaliyozeeka. Usilazimishe mpini, meno ya ndani hukatika. Tia mafuta mepesi, ngoja siku mbili tatu, zungusha mbele na nyuma kidogo kidogo. Nzima, ukiizungusha kwa nguvu na kuachia, huendelea kuzunguka yenyewe kwa muda. Champion na Buffalo ni majina ya watengenezaji ya kutafuta kwenye kifuniko chake.

Usafi ni brashi ya waya ya mkono, kitambaa na mafuta. Rangi ile nyeusi ya kahawia iliyotulia juu ya chuma cha zamani inakilinda, na mnunuzi anayejua anaipenda. Kwa vifaa vidogo vilivyoliwa sana na kutu, wapo wanaotumia umeme mdogo wa moja kwa moja ndani ya maji ya magadi ya kufulia, kifaa kwenye waya hasi na kipande cha chuma cha kawaida kwenye waya chanya. Njia ni nzuri, ila ifanyike nje kwa sababu inatoa gesi inayoshika moto, na chuma kisichoshika kutu kisitumike kamwe kwenye waya chanya, kinatia sumu majini.

Bei, basi. Anachokupa mnunuzi wa chuma chakavu ni sakafu, si dari. Kwake, fuawe la Peter Wright na kilo 81 za nondo mbovu ni kitu kimoja. Bei ya kazi inahesabiwa kwa kilo vilevile, lakini ni kilo za fuawe linaloruka gololi, na kwa kawaida ni mara kadhaa ya ile ya chakavu. Uzito wa lako, kwa uzoefu wangu, ndio unaotafutwa zaidi: linatosha kwa kazi nzito na bado linahamishika. Mbonyeo na ukingo vitapunguza bei, sitakuficha, lakini havitaiua. Juu ya hapo kuna bei ya wakusanyaji, ambao wanalipia alama zinazosomeka, vitu visivyoguswa na habari za mwenyewe. Peter Wright alitengeneza mafuawe mengi sana, kwa hiyo usitegemee bei ya kitu adimu. Ukitafuta bei za kulinganisha, tazama zile ambazo vitu viliuzwa kweli, si zile wauzaji wanazoomba, kwa sababu kuomba hakugharimu kitu. Na kama ipo picha ya babu akifanya kazi na fuawe hilo, iambatane nalo.

Vyote vikiuzwa pamoja kwa mhunzi anayeanza, utapata pungufu kidogo kuliko kuuza kimoja kimoja, lakini utauza mara moja na vifaa vitaendelea kufanya kazi pamoja. Kuuza kimoja kimoja kunalipa zaidi kwa fuawe na jiliwa, kisha unabaki na makoleo ambayo hakuna anayeyataka. Mimi ningeuza pamoja. Na kabla ya yote ningeuliza ukoo mzima kama yupo anayetaka kujifunza.

Mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi ni haya: gololi ikitoa majibu yanayopishana sana kati ya sehemu na sehemu, mlio ukiwa na ufa, au ukikuta mstari mwembamba unaozunguka chini ya uso mahali bamba linapokutana na mwili. Hapo mwite mhunzi anayefanya kazi, siyo muuzaji, aje aliguse kwa mkono. Vilevile ukikuta vifaa vya umbo usilolielewa, vilivyofuliwa kwa mkono na havina chapa yoyote, vipeleke makumbusho vikatazamwe kabla hujaviuza. Na siku ya kulihamisha fuawe, msilibebe watu wawili tena. Liwekeni kwenye toroli, pembe imefungwa kwa kamba, mtu wa tatu akishikilia nyuma.